Sabuni ya Nyumbani: Nunueni Mizani Kwanza



Katika somo hili tutajifunza kutengeneza sabuni ya kipande kwa kutumia mafuta yanayopatikana karibu nasi: mafuta ya ng'ombe kutoka bucha, mafuta ya nazi kwa wale wa Pwani, mafuta ya alizeti, hata yale yaliyokwisha kukaanga mandazi na chipsi hotelini. Vikundi vingi vimeomba somo hili. Sabuni hutumika kila siku katika kila nyumba, haiozi upesi kama mboga, na pesa tunazoinunulia zinatoka kijijini kila wiki bila kurudi. Wazo la kuitengeneza wenyewe ni zuri.

Lakini kuna jambo moja tukubaliane kabla ya kuwasha jiko. Sabuni hii inatengenezwa kwa kostiki soda, na kostiki inaunguza. Kati ya sabuni nzuri na sabuni ya kubabua mtoto ngozi kuna gramu chache tu. Gramu hizo hazipimwi kwa kikombe, wala kwa kopo la majarini, wala kwa jicho la mama aliyezoea kupika chakula cha harusi. Zinapimwa kwa mizani. Ndiyo maana kila kikundi kinaponialika, mimi huuliza kwanza: mizani iko wapi? Kama hakuna, hatujaanza.

IGIZO FUPI

Watu watatu wasimame mbele na kulisoma kwa sauti.

MWENYEKITI: Tuko na shilingi elfu tatu kwa sanduku. Naona tununue mafuta na kostiki, wiki ijayo tuanze kazi.

MWEKA HAZINA: Na mizani, mwenyekiti?

MWENYEKITI: Mizani ya nini, mama? Kwani sisi ni wenye duka? Yule kijana aliyetufundisha alipima kwa kikombe na sabuni ikashika.

MWEKA HAZINA: Ilishika, ndiyo. Na wewe uliioga?

MWENYEKITI: Mimi nilifulia.

MWANACHAMA: Mimi niliogesha mtoto. Alilia usiku mzima, shingo ikawa nyekundu kama pilipili. Mama mkwe akaniuliza nimempaka nini.

MWENYEKITI: Pole sana, mama. Lakini hukutuambia.

MWANACHAMA: Ningesema nini, na sabuni ni ya kikundi?

Simameni hapo kidogo, msiendelee kusoma. Jadilini: huyu mama alinyamaza kwa nini? Na kikombe cha yule kijana kilikosea wapi, ilhali sabuni ilishika? Wape wanyamavu nafasi ya kusema kwanza.

KIKOMBE KILIKOSEA WAPI

Kostiki ya dukani huja kwa sura mbili. Kuna ile ya magamba mapana kama vipande vya mshumaa uliovunjika, na kuna ile ya chembe ndogo za mviringo. Jaza kikombe kimoja kwa magamba na kingine kwa chembe, uzito hautakuwa sawa hata kidogo. Tena kostiki hunyonya maji kutoka hewani. Ile iliyokaa kwa mfuko wazi imeshalowa, na sehemu ya uzito wake ni maji tu. Vilevile kikombe cha mafuta yaliyoganda si sawa na kikombe cha mafuta yaliyoyeyuka. Kwa hivyo leo kikombe kinaweza kukupa sabuni nzuri na kesho kikakupa sumu, na kwa macho zote mbili zinafanana. Yule kijana hakudanganya mtu. Alibahatika siku ile.

Sasa tuone kinachotendeka ndani ya ndoo. Mafuta na kostiki vikikutana, kostiki huyavunja mafuta. Sehemu moja ya mafuta hushikana na kostiki na kuwa sabuni. Sehemu nyingine huwa gliserini, ambayo hubaki ndani ya kipande na kusaidia ngozi isikauke. Mwanasayansi Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, ndiye aliyeeleza mambo haya katika kitabu alichotoa mwaka 1823, ingawa watu walikuwa wakipika sabuni karne nyingi kabla yake. Kipimo kikiwa sawa, kostiki yote hutumika ikaisha. Hakuna inayobaki ya kuunguza mtu. Watu wengi hufikiri sabuni ya kostiki lazima iwashe kidogo. Si kweli. Inayowasha imepimwa vibaya au haijakomaa.

Kila aina ya mafuta ina kipimo chake. Andikeni haya kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya ukutani. Kwa kilo 1 ya mafuta ya ng'ombe yaliyosafishwa, kostiki ni gramu 133. Kwa kilo 1 ya mafuta ya mawese, gramu 134. Kwa kilo 1 ya mafuta ya alizeti, gramu 127. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi, gramu 174. Vipimo hivi vimeshapunguzwa kidogo, kama sehemu 5 katika 100, ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na kostiki. Huo ndio usalama wetu.

Tazameni nazi na ng'ombe vilivyo mbali. Mtu wa Kilifi akimtumia dada yake wa Kitui kipimo chake cha nazi, na dada akakitumia kwa mafuta ya ng'ombe, hesabu inaharibika. Kilo ya mafuta ya ng'ombe haiwezi kula kostiki zaidi ya gramu 140. Gramu 34 zitabaki zikitafuta kitu kingine cha kula, na hicho kitu ni ngozi ya anayeoga. Kwa hivyo msikubali kipimo cha jirani mpaka mmuulize alitumia mafuta gani.

MAGADI NA MAJIVU JE?

Swali hili huulizwa na wazee karibu kila mara, na ni swali la haki. Magharibi mwa Kenya akina mama wamechuja majivu tangu zamani wakapata munyu wa kulainisha mboga. Magadi nayo tunaipikia githeri na mboga ngumu, na kule Ziwa Magadi kampuni ya kuichimba kibiashara ilianzishwa mwaka 1911. Vitu hivi viwili ni ndugu wa kostiki, lakini ni ndugu wadogo. Magadi peke yake haina nguvu ya kugeuza mafuta ya kawaida kuwa sabuni ngumu. Maji ya majivu yakichemshwa mpaka yawe makali yanaweza kutoa sabuni, lakini hiyo huwa laini kama uji na haikatwi vipande. Tena ukali wa majivu hubadilika kulingana na mti na mvua, kwa hivyo kipimo kinakuwa cha kubahatisha. Kwa kufua nyumbani, sawa. Kwa kuuza, hapana.

KUSAFISHA MAFUTA

Mafuta ya bucha yanukayo yatatoa sabuni inukayo. Chagueni yale magumu meupe ya kuzunguka figo. Yakateni vipande vidogo, yatieni kwenye sufuria pamoja na maji kiasi na kijiko cha chumvi kwa kila kilo, myachemshe kwa moto mdogo mpaka vipande vibaki makapi. Chujeni kwa kitambaa, muache usiku mzima. Asubuhi mtakuta mafuta yameganda juu kama mkate. Yaondoeni, mkwangue uchafu wa chini, na kama bado yananuka rudieni na maji mengine. Makapi mpeni mbwa.

Mafuta ya hotelini yaacheni yatulie, mchuje, myachemshe na maji, kisha mwache maji yajitenge. Yapimwe baada ya kusafishwa, si kabla, kwa sababu maji na makombo ya mandazi nayo yana uzito. Na kwa kuwa mara nyingi mwenye hoteli mwenyewe hajui alikaangia mafuta gani, tumieni kipimo cha chini, yaani gramu 127 kwa kilo. Afadhali sabuni iwe na mafuta zaidi kidogo kuliko kostiki zaidi.

MAANDALIZI NA HATARI

Hapa nitakaa kidogo, na msichoke.

Sufuria zetu karibu zote ni za alumini. Kostiki hula alumini. Sufuria itachemka yenyewe bila moto, itatoboka, na itatoa hewa inayoweza kushika moto. Karai la mabati pia halifai, kwa sababu lina zinki juu yake. Sufuria ya alumini itumike kusafishia mafuta tu, basi. Kwa kostiki tumieni ndoo nene ya plastiki, chombo cha chuma kisichoshika kutu, au cha enameli ambayo haijabambuka, pamoja na mwiko wa mbao. Vyombo hivyo visirudi jikoni kupikia chakula. Vipakeni alama ya rangi nyekundu.

Fanyeni kazi nje, upepo ukitoka nyuma yenu, watoto na kuku wakiwa mbali. Anayechanganya avae nguo ya mikono mirefu, viatu vya kufunika vidole, glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Miwani inapatikana kwa maduka ya hadiwea, wala si ghali kama jicho. Asifanye peke yake, na ndoo ya maji safi iwe karibu naye.

Maji kwanza, kostiki baadaye. Semeni wote kwa sauti: maji kwanza, kostiki baadaye. Tia maji kwenye ndoo, halafu mwaga kostiki polepole ukikoroga. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya kostiki, inaweza kuruka kama mafuta moto na kukupiga usoni. Hata ukifanya vizuri maji yatapata moto sana bila jiko na kutoa moshi wa kukereketa koo. Usiinamie ndoo.

Ikimwagikia ngozi, vueni nguo iliyolowa na muoshe kwa maji mengi kwa dakika 20 au zaidi. Msipake mafuta, ndimu wala dawa ya meno. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi dakika 30, kope zikiwa zimefunguliwa, huku mwingine akitafuta gari. Mtu akiimeza, asitapishwe, kwa sababu itamuunguza tena ikipanda. Asukutue kinywa na apelekwe hospitali mara moja.

Na hapa kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Kostiki kavu inafanana na sukari. Ikiyeyushwa na kupoa inafanana na maji. Mtoto akinywa funda moja, koo huungua, na likipona huweza kuziba kwa kovu asiweze kumeza hata uji. Baadhi yao hubaki wakipanuliwa koo hospitalini kwa miaka. Kwa hivyo maji ya kostiki yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa dakika tano. Kostiki ikae kwenye chombo chake chenye maandishi, imefungwa vizuri, ndani ya sanduku la kufuli. Chagueni mtu mmoja wa kushika ufunguo. Andikeni jina lake kwenye kumbukumbu za mkutano, kama mnavyoandika la mweka hazina.

KUPIKA

Anzeni na kilo 1 tu ya mafuta. Najua kikundi cha watu 20 kitaona ni mchezo wa watoto, lakini kilo 1 ikiharibika mmepoteza kidogo.

Pimeni mafuta ya ng'ombe kilo 1, kostiki gramu 133, na maji gramu 330. Maji nayo yapimwe kwa mizani. Maji ya mvua ni bora, kwa sababu ya kisima chenye chumvi huharibu povu. Yeyusheni kostiki kwenye maji kama tulivyosema. Yeyusheni mafuta kando. Acheni vyote viwili vipoe mpaka ukishika ndoo kwa nje mkono unavumilia joto bila shida. Sasa mwaga maji ya kostiki ndani ya mafuta, polepole, mwingine akikoroga.

Korogeni bila haraka. Mafuta ya ng'ombe huweza kuchukua nusu saa au zaidi, na ya alizeti huchelewa kuliko hapo. Mchanganyiko utakuwa kama uji mwepesi, halafu mzito. Chota kidogo kwa mwiko uangushe juu: tone likiacha alama isiyozama upesi, imeshika. Mwageni kwenye boksi la mbao lililotandikwa karatasi ya nailoni, au kwenye jerikeni la plastiki lililokatwa ubavu. Funikeni kwa gunia lishike joto.

Baada ya siku moja au mbili ikateni vipande, glavu zikiwa bado mkononi. Vipange kivulini, upepo upite katikati, muache wiki 4. Wiki hizo 4 si za kujadiliwa. Ndani yake kostiki inamaliza kazi na maji yanatoka, kipande kinakuwa kigumu kisichoyeyuka bafuni kama sukari.

Sabuni ya mafuta ya ng'ombe peke yake ni ngumu na husafisha vizuri, ila povu lake ni dogo, na wateja wetu wanapenda povu. Ya nazi peke yake hutoa povu hata kwa maji ya bahari, lakini hukausha ngozi. Mkiweza, changanyeni gramu 700 za ng'ombe na gramu 300 za nazi, kostiki gramu 145, maji gramu 360. Mimi naona huu ndio mchanganyiko mzuri kupita yote kwa kuogea. Mkitaka kubadilisha aina au kiasi cha mafuta, fanyeni hesabu ya kila mafuta peke yake kisha mjumlishe. Msikisie.

KUKAGUA

Unga mweupe juu ya kipande si hatari, ukwangueni. Lakini mkikata mkakuta mifuko ya maji ndani, au punje nyeupe ngumu, hiyo ina kostiki iliyobaki. Isiuzwe wala isiogewe. Ipelekeni kusugua choo, glavu mkononi. Ikiwa laini na yenye mafuta hata baada ya wiki 4, kostiki ilikuwa kidogo. Hiyo haina madhara, ifulieni wenyewe.

Kama kuna shule ya sekondari karibu, mwombeni mwalimu wa kemia awapimie kwa karatasi ile ya rangi ya kupimia ukali. Sabuni nzuri huwa kati ya 9 na 10. Ikifika 11 au zaidi, irudisheni kivulini au iondoeni kabisa. Na kila pishi liandikwe daftarini: tarehe, mafuta gani, gramu ngapi, nani alipima, nani alihakikisha. Mama wa lile igizo angekuwa na daftari kama hilo mbele yake, ingekuwa rahisi kwake kusema: hii ya tarehe fulani ilimchoma mtoto wangu.

HESABU

Nimeona vikundi vikiuza sabuni kwa furaha na kumbe vinapata hasara. Tufanye mfano. Bei hizi ni za kufikirika, wekeni za sokoni kwenu. Tuseme mafuta kilo 10 kwa shilingi 80 ni 800, kostiki 300, kuni 100, nauli 200, karatasi za kufungia 100. Jumla ni 1,500. Mkipata vipande 125 vya gramu 100 vilivyokauka, kila kimoja kimewagharimu shilingi 12. Wengi husimama hapo. Lakini wanawake wanne walifanya kazi nusu siku. Kama kibarua cha nusu siku kwenu ni 200, ongezeni 800. Sasa ni 2,300, na kipande kimoja ni shilingi 18 na senti 40. Linganisheni na sabuni ya dukani ya uzito huohuo. Kama ya dukani ni rahisi kuliko hiyo, tengenezeni ya matumizi yenu tu, na hiyo si aibu.

Angalieni pia wakati. Mkopo wa merigoraundi mara nyingi hurudishwa baada ya mwezi. Sabuni inakomaa siku 28, halafu iuzwe. Mkikopa kununua mafuta, siku ya kulipa itafika sabuni ikiwa bado rafuni, na hapo ndipo kikundi hushawishika kuuza ambayo haijakomaa. Anzeni na akiba yenu, si deni.

Kuuza sokoni kunahitaji leseni ya kaunti, na sabuni inapaswa kuwa na alama ya ubora ya KEBS. Nendeni ofisi yao mapema muulize utaratibu wa wazalishaji wadogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, kwa hivyo fungeni kwa karatasi au majani makavu ya mgomba. Kwenye karatasi andikeni uzito, mafuta mliyotumia na tarehe. Msiandike ati inatibu ukurutu au chunusi kwa sababu mmetia mwarobaini. Mwenye ukurutu aende zahanati.

KABLA YA MKUTANO UJAO

Watu wawili waende kuuliza bei ya mizani inayopima gramu moja moja, bora ya dijitali, katika maduka yasiyopungua mawili. Mwingine aulize buchani mafuta ya figo ni kiasi gani kwa wiki na kwa bei gani. Mweka hazina alete hesabu ya sanduku. Mkija na mizani, ijaribuni kwanza kwa pakiti ya sukari ya kilo 1 ambayo haijafunguliwa, muone inasemaje.